Disasi Makulo: Mkongwe wa Safari za Stima za Mto Kongo na Hifadhi ya Kumbukumbu

1. Utangulizi

Simi-Simi, mtaa ulioko upande wa magharibi wa mji wa Kisangani, kwenye ukingo wa kulia wa Mto Kongo, unajulikana duniani kwa sababu ya asubuhi moja. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji walioletwa na ndege za Marekani waliteremka katika uwanja wa ndege wa Simi-Simi, kisha wakaingia mjini kuwatoa mateka waliokuwa mikononi mwa wapiganaji wa Simba. Tangu siku hiyo, jina la Simi-Simi vitabuni huandamana na ndege na bunduki.

Hata hivyo, Simi-Simi ilikuwa ukingo wa mto kabla ya kuwa uwanja wa ndege. Kila chombo kinachopanda kutoka Kinshasa, baada ya safari ya yapata kilomita 1,700, hupita mbele yake kabla ya kufika gatini. Kisangani ndio mwisho wa safari hiyo. Juu ya mji kuna Maporomoko ya Boyoma, ambako Wagenya hutega madema yao makubwa, na stima haiwezi kuendelea. Kwa hiyo atakaye kuijua historia ya sehemu hizi hana budi kuanza na vyombo vya majini na watu waliovifanyia kazi.

Makala haya yanamhusu mmoja wa watu waliokulia na kuzeeka katika historia hiyo, Disasi Makulo (takriban 1871–1941). Hakuwa askari wa majini wa kuvaa sare, bali alikuwa mkongwe wa mto: mtoto aliyetekwa, akachukuliwa kwa stima, akasafiri miaka mingi ndani ya stima, kisha akarudi kwa watu wake kuanzisha kazi yake mwenyewe. Hoja inayotolewa ni kwamba thamani ya mkongwe huyu katika historia ya Kongo ya Mashariki haitokani na wakubwa aliowatumikia, ingawa hao ndio waliolifanya jina lake lifahamike. Inatokana na uamuzi wake wa kuwasimulia watoto wake mambo aliyoyaona. Masimulizi hayo yanahitaji kusomwa kwa uangalifu, lakini bila hayo tungebaki na hesabu ya watu wasio na majina.

2. Mto, stima na watu wasioandika

Historia iliyoandikwa ya mto huu kwa kawaida huanza na Henry Morton Stanley, aliyepita kwenye maporomoko mwezi Januari 1877 akitokea Nyangwe. Chombo chake kikuu kilikuwa mashua iliyoitwa Lady Alice, iliyotengenezwa kwa vipande ili iweze kubebwa na wapagazi. Msukani wa mashua hiyo alikuwa Mwungwana kutoka Unguja aitwaye Uledi. Stanley mwenyewe anakiri kwamba Uledi aliwaokoa zaidi ya watu kumi wasizame. Anasimulia pia kuwa msukani huyo alipopatikana na kosa la kuiba ushanga, ndugu yake Shumari na binamu yake Saywa walijitolea kuchapwa badala yake, na hatimaye akasamehewa.

Kisa hicho kinatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba ndani ya mashua ile mlikuwa na ukoo: ndugu waliosafiri pamoja, wakalindana na kubebeana adhabu. La pili ni kwamba yote hayo tunayajua kwa kalamu ya tajiri wao. Kitabuni Uledi husema pale tu Stanley anapotaka aseme. Msafara uliporudi Unguja mwishoni mwa mwaka 1877, msukani aliyeipitisha mashua katika maji makali kuliko yote hakuacha kitabu chake mwenyewe ambacho tungeweza kukilinganisha na cha Stanley.

Hali hiyo ndiyo ya wengi waliofanya kazi katika stima zilizofuata. Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Stima za wakati ule zilikula kuni, na kila jioni chombo kilipofunga, mabaharia waliingia msituni na mashoka kukata kuni za kesho, mara nyingi hadi usiku wa manane. Mchana watu walisimama mbele na pondo mikononi wakipima kina na kukitangaza, kwa kuwa mafungu ya mchanga ya Mto Kongo huhama, na njia iliyokuwa salama mwaka huu huenda isiwe salama mwaka ujao. Ujuzi huo haukuandikwa katika ramani yoyote. Ulikaa vichwani mwa watu waliopita mara nyingi. Vitabu vya wasafiri huwaita kwa jumla “watu wetu”, na mara nyingi huishia hapo.

3. Kutoka kijijini hadi chomboni

Disasi Makulo alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1870 katika jamii ya Waturumbu, katika nchi iliyo karibu na mto Aruwimi, ambao hukutana na Mto Kongo penye mji wa Basoko, yapata kilomita 200 chini ya Kisangani. Katika masimulizi yake hakuanzia na Mzungu wala na Mwarabu, bali na kijiji chake, wazazi wake na maisha ya utotoni. Mpangilio huo una maana. Msimulizi alitaka wasikilizaji wake waelewe kwamba kabla ya kuwa mtumwa wa mtu alikuwa mtoto wa watu.

Mwaka 1883 nchi hiyo ilivamiwa na wafanyabiashara ya pembe na watumwa waliotoka upande wa Nyangwe. Disasi, akiwa mtoto wa miaka kumi na kitu, alikamatwa pamoja na wengine wa jamaa yake. Mwezi Novemba wa mwaka huo huo Stanley, safari hii akimtumikia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, alikuwa akipanda mto kwa stima ndogo tatu, En Avant, Royal na A.I.A. Alikuta vijiji vilivyochomwa, kisha akaikuta kambi ya wavamizi. Aliandika kwamba kambini mlikuwa na mateka wapatao 2,300, na kwamba vijiji 118 vilikuwa vimeharibiwa. Baadhi ya watoto walikombolewa kwa vitambaa na chumvi, na Disasi alikuwa mmoja wao.

Hapa ndipo thamani ya masimulizi ya Disasi inapoonekana wazi. Stanley anatupa hesabu. Katika hesabu hiyo ya watu 2,300 hatuwezi kumtambua mama wa nani wala mtoto wa nani. Disasi anatupa mtu mmoja kati yao, mwenye wazazi, kijiji na njia aliyopitishwa. Mtu huyo mmoja haibatilishi hesabu, lakini anaibadilisha maana. Msomaji akishamjua huyu hawezi tena kuwasoma wale wengine kama mizigo.

Jina lake pia linastahili kuzingatiwa na wanafunzi wa lugha. “Disasi” hufasiriwa kuwa ni risasi. Neno hilo, lenye asili ya Kiarabu, liliingia Kiswahili kama “risasi”, na misafara ikalisambaza bara pamoja na kitu chenyewe. Lilipofika katika lugha za Kongo lilipewa sura ya nomino za kienyeji: Kilingala husema “lisasi” kwa moja na “masasi” kwa wingi, na umbo lenye “di-” linafuata kanuni ya Kikongo. Hivyo silabi ya kwanza ya neno la kigeni imechukuliwa kama kiambishi cha ngeli. Ndani ya jina la mtoto mmoja tunaisoma safari ya neno kutoka pwani hadi katikati ya bara, na tunasoma pia ni bidhaa gani iliyofungua njia hiyo.

4. Miaka ya stima Peace

Stanley alirudi Léopoldville mwezi Januari 1884, na Disasi akakabidhiwa kwa Anthony Swinburne, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa kituo cha Kinshasa. Baada ya Swinburne aliingia katika utumishi wa George Grenfell wa Misheni ya Wabaptisti ya Uingereza. Kwa kijana huyo mabadiliko hayo yalikuwa makubwa, kwani Grenfell alikuwa mtu wa mtoni, na makao yake hasa yalikuwa stima iitwayo Peace.

Historia ya stima hiyo peke yake inaonyesha jinsi kazi ya mto ilivyotegemea mikono ya Waafrika. Ilitengenezwa Uingereza kwa vipande, ikapandishwa vichwani mwa wapagazi kwa mizigo ipatayo 800 kuyapita maporomoko ya chini, kisha ikaungwa tena Stanley Pool. Mafundi waliotumwa kuiunga walikufa kwa homa, na Grenfell akaikamilisha kwa msaada wa wafanyakazi wenyeji. Iliteremshwa majini mwaka 1884, na kabla mwaka huo haujaisha ilikuwa imeyafikia maporomoko ya Kisangani. Katika miaka iliyofuata ilipita katika mito mingi inayolisha Kongo, na ramani ya Grenfell ikawa tegemeo la wasafiri wengine.

Jina la stima lilikuwa na maana ya amani, lakini amani yake haikuwa ya kudumu. Mwaka 1890 Dola Huru ya Kongo iliitwaa kwa nguvu na kuitumia kwa shughuli zake, hadi Grenfell alipolalamika Ulaya na kurudishiwa. Tukio hilo linaonyesha jinsi mpaka kati ya chombo cha dini, cha biashara na cha vita ulivyokuwa mwembamba. Chombo kilichobeba vitabu mwaka huu kingeweza kubeba askari mwaka ujao, na waliokata kuni hawakuulizwa.

Disasi alisafiri na Grenfell kwa miaka mingi. Alijifunza kusoma, akawaona watu wa lugha nyingi, na akapata ujuzi wa mto ambao watu wachache wa kizazi chake walikuwa nao. Safari hizo ndizo zilizomrudisha katika nchi ya Aruwimi, akaonana tena na jamaa zake. Jambo hilo halikuwa la kawaida. Wengi wa waliochukuliwa kutoka vijiji vile mwaka 1883 walipotelea Manyema na kwingineko, nao hawakurudi. Stima, ambayo kwa vijiji vingi ilikuwa mwanzo wa kodi na amri, kwake yeye ilikuwa njia ya kurudi nyumbani.

5. Kurudi kwao: familia na jamii

Mwanzoni mwa karne ya 20, Disasi aliiacha kazi ya kufuatana na stima, akakaa Yalemba, katika eneo la Basoko, na hapo akaanzisha kituo cha misheni kati ya watu wa nchi yake. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la nadra kwa Mwafrika kuaminiwa kuanzisha na kuendesha kituo. Mto huo huo ulikuwa na kituo kingine cha Wabaptisti, Yakusu, kilichoanzishwa katika miaka ya 1890 yapata kilomita 20 chini ya Kisangani, ambacho baadaye kilipata sifa kwa hospitali na shule zake; vyombo vilivyotoka Kisangani kwenda huko vilipita mbele ya Simi-Simi. Grenfell alifariki Basoko tarehe 1 Julai 1906. Disasi aliishi miaka 35 zaidi baada yake.

Miaka hiyo 35 haikuzwi sana katika historia za misheni, ambazo mara nyingi humaliza sura pale Mzungu anapozikwa. Lakini kwa historia ya jamii ndiyo miaka yenye uzito. Mtu aliyeondoka akiwa mateka alikuwa sasa mzee wa mahali, baba wa watoto, mwalimu na mwamuzi. Alisimama katikati ya mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi. Kama katekista alihubiri dini iliyozikataa baadhi ya desturi za wazee. Kama mtoto wa Waturumbu alizijua desturi hizo, akazisimulia ili zisisahaulike. Wapo wanaoona hapa mgongano. Huenda ni sahihi zaidi kusema kwamba aliyenyang’anywa utoto wake katika kijiji alikuwa na sababu ya kukieleza kijiji hicho kwa makini kuliko yule asiyewahi kukikosa.

Kabla ya kifo chake mwaka 1941, Disasi aliwasimulia watoto wake maisha yake. Mwanawe Makulo Akambu aliyahifadhi masimulizi hayo, na mwaka 1983 yakachapishwa Kinshasa kwa Kifaransa, miaka 42 baada ya msimulizi kufariki, kwa jina La vie de Disasi Makulo, ancien esclave de Tippo Tip et catéchiste de Grenfell. Kwa Kiswahili ni kusema “Maisha ya Disasi Makulo, mtumwa wa zamani wa Tippo Tip na katekista wa Grenfell”. Jalada linamtambulisha kwa wakubwa wawili, mmoja wa Unguja na mwingine wa Uingereza. Ndani ya kitabu, hata hivyo, mwenye neno ni yeye, na aliyelilinda neno hilo ni mwana wake. Hapakuwa na jumba la makumbusho wala ofisi ya nyaraka iliyoagiza kazi hiyo. Ilifanywa na familia.

6. Kumbukumbu mbele ya ushahidi

Heshima kwa mkongwe haizuii kuyapima maneno yake. Jambo moja linahitaji kuangaliwa: masimulizi yanamtaja Tippu Tip kuwa ndiye mtekaji. Ushahidi mwingine hauafikiani na hilo. Mwishoni mwa mwaka 1882 Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, alikuwa amefika Unguja, na hakufika kwenye maporomoko mpaka mwishoni mwa mwaka 1884. Stanley, aliyezungumza na wavamizi wenyewe mwezi Novemba 1883, aliandika kwamba walikuwa watu wa Abed bin Salim, mfanyabiashara wa Nyangwe.

Je, kosa hilo linayaondolea masimulizi thamani? Hapana, ila linatufundisha jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi. Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa liwali wa eneo la maporomoko kwa niaba ya Dola Huru, na kwa miaka kadhaa jina lake ndilo lililokuwa jina la utawala wa Waungwana katika sehemu zile. Jina kubwa likameza majina madogo. Mtoto aliyefungwa kamba hakuwa na njia ya kumjua tajiri wa Nyangwe aliyewatuma wale watu. Mzee aliyesimulia baada ya miaka mingi alitumia jina ambalo kila msikilizaji angelielewa. Alikosea jina la mwenye bunduki, lakini hilo halifuti ukweli wa kutekwa kwake.

Ulinganisho mwingine unawahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Tippu Tip naye aliacha wasifu wake, ulioandikwa kwa Kiswahili na kutolewa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Maandishi hayo yanahesabiwa miongoni mwa nathari za mwanzo zilizo muhimu katika Kiswahili. Yanasomwa kwa ajili ya lugha yake, safari zake, pembe zake na mazungumzo ya wakubwa. Disasi hamo. Kwa muda mrefu wanafunzi wamezijua nchi za Kongo kwa sauti ya mfanyabiashara pekee. Masimulizi ya Makulo yanastahili kuwekwa kando yake, la sivyo msomaji atajua bei ya pembe bila kujua bei ya mtoto.

7. Hitimisho

Mji wa Kisangani, uliopata jina hilo rasmi mwaka 1966 baada ya kuitwa Stanleyville, umepitia vita vya 1964, uasi wa mamluki wa 1967, na mapigano ya majeshi ya Rwanda na Uganda ya 1999 na 2000. Mji wenye historia ya namna hiyo hauwezi kuutegemea uhifadhi wa ofisi pekee. Karatasi huungua, majengo huporwa. Lakini pia hauwezi kuziachia familia mzigo wote, kwa kuwa si kila mkongwe ana mwana mwenye kalamu. Uledi alikuwa na ndugu waliokuwa tayari kuchapwa kwa ajili yake, lakini hakuacha kitabu. Tofauti kati yake na Disasi si ya ushujaa wala ya akili. Disasi alipata msikilizaji aliyeandika.

Kazi inayofuata ni ya vyuo. Kisangani ina chuo kikuu tangu mwaka 1963, kilipoanzishwa Chuo Kikuu Huru cha Kongo, na mmoja wa waliofundisha huko, John Carrington, aliyewahi kukaa Yakusu, alionyesha kwa utafiti wake wa ngoma zinazosema kwamba hazina ya mtoni inaweza kuwa somo la kitaaluma bila kuondolewa mikononi mwa wenyewe. Wapo bado, kati ya Simi-Simi na gati la mjini, wazee waliofanya kazi katika vyombo vya shirika la ONATRA: masukani, mafundi wa mitambo, wapima kina. Yanahitajika mambo matatu. Waulizwe kwa lugha waliyoifanyia kazi, iwe Kiswahili cha Kisangani, Kilingala au Kilokele. Maneno yao ya kazi yaandikwe kama wanavyoyatamka. Na nakala ya kila masimulizi ibaki kwa jamaa ya msimulizi.

Sharti hilo la mwisho si adabu tu. Masimulizi ya Disasi Makulo yaliwafikia wasomi, hata mwandishi wa Ubelgiji David Van Reybrouck akayatumia sana katika historia yake ya Kongo ya mwaka 2010, kwa sababu yalikuwa yamekwisha kukaa miaka 42 nyumbani. Kabla ya kuwa hati ya historia yalikuwa mali ya watoto, na walioyapokea kwanza ndio walioyaokoa.